Wameficha kitufe cha kuchapisha, kisha wameniambia mimi si mtumiaji wao

Wakuu, naandika nikiwa bado nimekasirika, na sitaki kungoja hasira ipoe, kwa sababu ikipoa nitaanza kuwatetea. Nawazungumzia wale wasanidi mnaowajua, wa ile programu huria ya kusomea na kuchapishia nyaraka ambayo karibu kila mwenye steshenari anayetumia Linux, ule mfumo huria wa kompyuta, anayo. Jina silitaji. Aliyesasisha kompyuta yake wiki hii ameshawatambua.

Katika toleo jipya wameondoa upau wote wa menyu. Kitufe cha kuchapisha, ambacho miaka yote kilikaa juu kikiwa na picha ya printa na neno lake pembeni, sasa kimezikwa ndani ya vistari vitatu, kisha ndani ya menyu nyingine isiyo na jina, na ukikifikia unakuta ni cha kijivu juu ya kijivu. Nafasi tupu waliyoiacha juu ya dirisha inatosha kuegesha daladala. Skrini yangu ni ya pikseli 1366 kwa 768, kama zilivyo kompyuta nyingi za mtumba, na baada ya mapambo yao kuchukua sehemu yake, barua ya mteja inaonekana anwani na salamu tu. Ukitaka kushuka chini, upau wa kusogezea umejificha, nao hautokei mpaka uutafute kwa kipanya.

Niliwaandikia kwa adabu. Nilitaja toleo, nikaambatisha picha za skrini, nikapendekeza kwamba sura mpya ibaki kwa wanaoipenda, ila pawepo chaguo la kurudisha menyu. Msimamizi alinijibu kwa sentensi moja: "Wewe si mtumiaji tuliyemkusudia." Kisha akaifunga taarifa yangu, akaitia alama kwamba haitarekebishwa, na akazuia maoni.

Mimi si mtumiaji! Mimi ninayeifungua programu yao kabla sijanywa chai, ninayechapisha barua za maombi ya kazi, fomu za shule, ratiba za mazishi na kadi za michango ya harusi za mtaa mzima, si mtumiaji. Basi mtumiaji ni nani? Ni yule anayepiga picha dirisha tupu na kuirusha mtandaoni ili lisifiwe kwa usafi?

Sipingi uzuri. Programu huria zimesimangwa miaka mingi kwa sura zake, na nyingi zilistahili. Angeniambia kwamba hana muda, ningeelewa, maana anajitolea. Angeniambia kwamba msimbo wa menyu ile ni mgumu kuutunza, ningenyamaza. Hakusema hivyo. Alisema mimi siye aliyemkusudia, akafunga mlango.

Wino Mweusi: Pole sana, mkuu. Ugonjwa huu ni wa zamani. GNOME 3, sura ya madirisha na menyu ya Linux, ilipotoka Aprili 2011, vitufe vya kupunguza na kukuza dirisha viliondolewa, na watu walikasirika kiasi kwamba wengine waliuchukua msimbo wa GNOME 2 wakauendeleza kwa jina la MATE. Mwaka uliofuata watu wa GNOME wakaondoa uwezo wa kugawa dirisha la faili pande mbili, ndipo watu wa Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, wakatengeneza programu yao ya faili, Nemo. Kila mara maelezo yalikuwa ni usafi wa sura.

Bure Ghali: Ndugu, umepewa programu bila kulipa hata shilingi, na msimbo wake wote umewekwa wazi. Irudishe menyu mwenyewe. Umeandika aya tano kwa sababu ya kitufe kimoja, ilhali Ctrl na P za kuchapishia zipo kwenye kibodi yako tangu ulipoinunua. Kama huzijui, pengine msimamizi alisema kweli.

Mwenye uzi: Ctrl na P nazijua. Msaidizi wangu ndiye asiyezijua, kwa sababu ameanza kazi juzi, na kitufe chenye neno ndicho kilichokuwa kikimfundisha nikiwa sipo. Tena suala langu si kitufe. Suala langu ni kuambiwa na mtu asiyenijua kwamba mimi si mtumiaji.

Mtafsiri wa Usiku: Mimi nina uchungu mkubwa kuliko wako. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza wengi wetu tukaona menyu nzima ya programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tangu hapo tunatafsiri maneno usiku bila malipo, kisha anakuja mbunifu anayafuta yote na kuweka vidoa na mishale. Yale machache yanayobaki yanawekwa kwenye vitufe vilivyopimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza, nasi tunasoma "Mipan..." na "Ghair...". Kazi yetu imetupwa, na hakuna aliyetuuliza.

Picha Pasi: Wote mna nafuu. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, kuhifadhi ni kwa XCF tu, yaani muundo wake yenyewe, na anayetaka JPEG ya picha ya pasipoti lazima apitie amri nyingine. Halafu mwaka 2018 toleo la 2.10 likaja na aikoni zilizovuliwa rangi juu ya giza. Sitofautishi brashi na kifutio.

Bure Ghali: Tatizo si kubadilisha sura, tatizo ni kubadilisha ovyo. Blender 2.80, programu ya michoro ya 3D, ya Julai 2019 ilibadilisha karibu kila kitu, hata kitufe cha kipanya cha kuchagulia kikahamia kushoto, lakini aliyezoea kulia aliachiwa chaguo lake kwenye mapendeleo. LibreOffice, programu ya ofisi, nayo ilipoleta utepe wa vitufe mwaka 2017 haikuwanyang'anya watu menyu.

Mwenye uzi: Hilo hasa ndilo nililoomba! Chaguo! Na jibu nililopewa...

Vichupo Kumi: Mkitaja chaguo, mnanikumbusha kivinjari cha Firefox cha Juni 2021. Vichupo vilivimba, na hali ya kubana upau ikaondolewa kwenye menyu, hivi kwamba anayeitaka lazima aingie about:config, ukurasa wa mipangilio iliyofichwa, na kuwasha browser.compactmode.show. Kwenye skrini ndogo huo ni uonevu.

Wino Mweusi: Si kila mtu anaona hivyo, Vichupo. Mimi ile mpya naipenda, hata maandishi yake yanasomeka vizuri zaidi.

Vichupo Kumi: Unapenda kwa sababu una skrini kubwa. Njoo utumie yangu.

Mtafsiri wa Usiku: Picha Pasi, katika 2.10 nenda kwenye Mapendeleo, kisha Kiolesura, kisha mandhari ya aikoni, uchague zile za rangi.

Picha Pasi: Zimerudi! Ahsante sana, ndugu. Sasa nielekeze na namna ya kuondoa hilo giza, maana mteja yuko mbele yangu anasubiri.