Kijito chenye kasi nyuma ya nyumba: kinaweza kufua umeme wa kutosha?

Mwanakijito
Wakuu, habari za jioni. Nyuma ya nyumba yangu kinapita kijito, hakijawahi kukauka. Maji yananifika magotini na yanakwenda mbio: nilitupa kijiti kikaenda mita kumi kwa sekunde kumi hivi. Nataka nitumbukize mapanga yazungushwe na mkondo, nifunge jenereta, nipate taa, televisheni na friji. Nimeona video za watu waliofanya hivyo kwa mota ya mashine ya kufulia. Inawezekana au porojo?

JuaLaSaaSita
Mkuu, weka sola ulale. Maji yana usumbufu.

FundiBanio
Usumbufu upo, sikatai. Mtambo wangu mdogo unaingia mwaka wa tisa na umenitoa kitandani usiku mara nyingi kuliko mtoto mchanga. Lakini tuanze na hiyo kasi, maana macho yanadanganya.

Mita moja kwa sekunde ni maji ya kutembea tu. Mapanga yenye eneo la nusu mita ya mraba yanapitiwa na wati 250. Mjerumani Albert Betz alishakokotoa zamani kwamba kutoka kwenye mkondo huru huwezi kunyonya zaidi ya asilimia 59.3, kwa sababu maji lazima yabaki na nguvu ya kuondokea. Toa msuguano, toa hasara za jenereta, ukibaki na wati 70 shukuru. Kasi ikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nane, kwa hiyo wanaofunga mashine za mkondo hutafuta mahali maji yanapobanwa. Kijito chako hakijabanwa.

Wewe tafuta maanguko. Lita moja kwa sekunde ikishuka mita moja inabeba karibu wati 10; kwa mitambo yetu midogo hesabu nusu yake. Basi panda juu ya kijito, tafuta pa kujenga banio dogo, yaani kiukuta cha kuzuia maji, uyateke maji kwa bomba mpaka chini. Kupima urefu, laza mpira wa maji uujaze, ziba upande wa chini kwa geji ya presha. Kila bar moja ya presha kwenye geji ni kama mita kumi za kushuka. Kupima wingi, elekeza maji yote kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde.

Na upime kiangazi! Mimi nilipima masika, ndoo ikajaa kwa sekunde tatu, nikachekelea. Miezi mitano baadaye ndoo ileile ilichukua sekunde kumi na nne.

Kosa langu la pili lilikuwa bomba. Nilipeleka maji mita 90 kwa bomba la inchi mbili. Koki ikifungwa, geji inasoma vizuri kabisa. Nikifungua, mshale unaanguka chini ya nusu. Presha yote inaliwa na msuguano humo ndani. Nilipoweka la milimita 110 mtambo ulibadilika sauti.

JuaLaSaaSita
Na huo usumbufu wa usiku ni nini hasa?

FundiBanio
Majani, ndugu yangu. Taa zinaanza kuwa za njano, polepole, na mimi najua kabisa chujio limeziba. Mwanzoni nililisimamisha wima, likawa linakamata kila kinachokuja. Siku hizi nimelilaza kama paa: maji yanapenya, majani yanateleza yanakwenda zake. Siku moja nilikuta chura amekaa juu yake, ametulia.

Jambo lingine ambalo video hazionyeshi: ukizima vyombo vyote kwa mpigo, gurudumu linakosa mzigo na kukimbia karibu mara mbili ya kasi yake. Beringi zinakufa, volti zinapanda. Kwa hiyo umeme wa ziada lazima upelekwe mahali; wangu unaingia kwenye hita ya maji. Maji ya kuoga hayajawahi kuniishia.

Sola nayo ninayo, mzee wa jua. Kijito kikipungua jua linakuwa kali, vinapokezana.

Nanga
Hata wakubwa wanafuata hesabu hiyohiyo. Kituo cha La Rance kule Ufaransa, kilichofunguliwa 1966, kina megawati 240 na kinategemea maji ya bahari kupwa na kujaa. Lakini walijenga ukuta kuvuka mdomo wa mto ili wapate tofauti ya kimo. Mwanakijito, usisahau wanaotumia maji hayo huko chini, na samaki. Ongea nao, uliza kibali, na usiyachukue yote.

Mwanakijito
Nimerudi wakuu. Mpira na geji: mita 7. Ndoo ya lita 20: sekunde 5. Friji je?

FundiBanio
Lita 4 kwa sekunde, mita 7, tukate nusu: wati 137 hivi. Kidogo, lakini mtambo haulali usiku. Kwa siku ni zaidi ya yuniti 3, na friji ndogo isiyokula umeme huridhika na moja. Utahitaji betri na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) za kubeba ule mstuko friji inapowaka. Taa na televisheni zimo. Pasi na jiko, sahau.

Ila hukusema umepima lini.

Mwanakijito
Leo asubuhi. Mvua ilinyesha juzi na jana.

FundiBanio
Haya. Weka ndoo mahali pazuri, tuonane kiangazi.