Thabeet kabla ya Harden: Memphis walikosea wapi Juni 2009?

Kikapu Kirefu: Wadau, hili tulimalize. Juni 25, 2009, kwenye drafti ya NBA (timu za kikapu za Marekani zikichagua vijana kwa zamu), Clippers walimchukua Blake Griffin, Memphis wakafuata na Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, chaguo la pili. Wa tatu, gadi (mchezaji wa nje) James Harden, nyota wa baadaye, akaenda Oklahoma City. Msimu wa kwanza Thabeet: mechi 68, dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1, rebaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 3.6, bloku (mitupo aliyoizuia) 1.3. Harden: mechi 76, dakika karibu 23, pointi 9.9. Februari 2010 Thabeet akashushwa ligi ndogo, Dakota Wizards. Hadi siku hiyo hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho akashushwa. Memphis walichemka. Mwenye hoja aje nayo, uzalendo auache mlangoni.

Sekunde Tatu: Mkuu, nimekuja na hesabu tu. Mtu wa dakika 13 hapimwi kwa pointi za mechi. Mpandishe hadi dakika 36: bloku 3.6, rebaundi 10. Hizo ni namba za senta, yule mrefu wa chini ya ringi, anayeijua kazi, na ndiyo kazi aliyochukuliwa kuifanya. Msimu wake wa mwisho UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, alikuwa na pointi 13.6, rebaundi 10.8, bloku 4.2, na alikuwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo, miaka miwili mfululizo. Memphis walikuwa tayari na magadi Mike Conley na O.J. Mayo, na Rudy Gay pembeni. Harden angekaa wapi?

Kikapu Kirefu: Benchi! Ndiko alikokaa Oklahoma. Mechi zote 76 hakuanza hata moja. Hoja ya "Mayo yupo" inakufa hapo hapo.

Fundi wa Benchi: Sekunde Tatu, umejiita jina zuri halafu ukaisahau sheria yenyewe. Chuoni mlinzi anapiga kambi chini ya ringi apendavyo. NBA, ukikaa kwenye eneo la rangi, lile boksi lililo mbele ya ringi, zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu aliye karibu nawe kwa urefu wa mkono, ni faulo ya kiufundi: wapinzani wanapata mtupo mmoja huru na mpira unabaki wao. Ongeza mstari wa pointi tatu: chuoni wakati ule mita 6.32, NBA mita 7.24 pale juu. Uwanja unatanuka. Senta wa wapinzani anapanda hadi kwenye mstari kumwekea gadi skrini (kumzuia anayemkaba kwa mwili), Thabeet lazima apande naye hatua mbili tatu, kisha ageuke akimbie ringini. Mtu wa sentimita 221, nyonga ziko juu, kugeuka kwake ni safari. Akichelewa nusu hatua ni kikapu, na akilazimisha bloku ni faulo. Ndiyo maana hizo dakika 36 hakupewa. Zipo kwenye kikokotoo tu.

Na dalili zilionekana mapema. Februari 2009, UConn na chuo cha Pittsburgh: DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa sentimita ishirini hivi, waligombea rebaundi mikono yote miwili ikiwa imenasa kwenye mpira, akaingia chini ya kwapa na kumpindua Thabeet juu ya bega mpaka sakafuni. Blair alimaliza na rebaundi 23.

Sekunde Tatu: Blair huyo huyo alichaguliwa wa 37, kwa hiyo timu zote ziliona na hazikujali. Minnesota walikuwa na chaguo la 5 na la 6, wakachukua magadi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn, Stephen Curry akabaki hadi la 7. Tusihukumu kwa macho ya leo.

Fundi wa Benchi: Kwa Curry nakubali. Ila Marc Gasol hakuhitaji macho ya leo. Alikuwa na miaka 24, ametoka kumaliza msimu wake wa kwanza hapo hapo Memphis na pointi 11.9 na rebaundi 7.4, naye ni senta. Julai wakamleta Zach Randolph, anayekula chini ya ringi vilevile. Mrefu ambaye hajaiva anaivishwa na dakika, makosa yake yote yavumiliwe miaka miwili au mitatu. Wao wakampa makombo: alianza mechi 13. Kwa nafasi yake, hiyo ndiyo ilikuwa timu mbaya kuliko zote, na hilo lilijulikana usiku ule ule.

Kikapu Kirefu: Hapo tuko pamoja, japo mimi bado namlaumu kwa miguu yake mizito.

Sekunde Tatu: Sawa, lakini hamkuhesabu kilichorudi. Februari 2011 alipelekwa Houston pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza, Shane Battier akaja Memphis. Aprili, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Spurs, nani alitupa pointi tatu za ushindi? Battier. Memphis, namba nane, wakawatoa Spurs, namba moja, kwa mechi 4-2.

Kikapu Kirefu: Na raundi iliyofuata Memphis walitolewa na nani, mechi ya saba? Oklahoma City, Harden akitokea benchi.