Konrodi ndefu haiongezi nguvu kama wateja tunavyoaminishwa

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Gereji moja hapa Dar es Salaam, inayojitangaza kuwa bingwa wa injini za mashindano, imenitoza fedha nyingi kwa konrodi ndefu (mikono inayounganisha pistoni na kranki) za injini yangu ya Honda B18C, kwa ahadi kwamba urefu huo peke yake ungeongeza nguvu. Mashine ya kupimia nguvu haikuonyesha ongezeko lolote la maana, na sasa gari linatoa moshi wa buluu, yaani linaunguza oili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Katika B18C pistoni husafiri milimita 87.2, na konrodi ya kiwandani ina urefu wa milimita 138, yaani uwiano wa 1.58 kati ya urefu wa konrodi na safari ya pistoni. Nilifungiwa za milimita 141. Uwiano umepanda hadi 1.62, konrodi iliyokuwa ikiinama hadi nyuzi 18.4 sasa huishia nyuzi 18.0, na mkazo unaoipata pistoni ya uzito uleule inapogeukia juu kabisa hupungua kwa takriban nusu ya asilimia. Ni kweli kwamba pistoni hukawia juu kidogo zaidi na hukandamiza ukuta wa silinda kidogo pungufu, hilo silibishi. Ninachokataa ni kuuziwa tofauti ndogo kiasi hicho kana kwamba ni kemshafti mpya (mhimili unaofungua vali).

Honda wenyewe wametuachia ushahidi. Injini yao ya B16A ya mwaka 1989, yenye uwiano wa takriban 1.7, ilitoa nguvu za farasi 160 kwa sentimita za ujazo 1,595, ilhali B18C ya Integra Type R, yenye uwiano mdogo zaidi, ilitoa 200 kwa 1,797. Hiyo ni takriban 100 kwa lita dhidi ya 111. Nguvu hizo zilitoka kwenye kemshafti, mgandamizo na njia za hewa za silinda hedi, ambako fedha zangu zilipaswa kwenda.

Kibaya zaidi ni kazi iliyofanyika. Kwa kuwa kimo cha bloku hakibadiliki, milimita 3 zilizoongezwa kwenye konrodi lazima zipunguzwe kwenye pistoni kwa kupandisha pini inayoishikanisha na konrodi. Pistoni huwa nyepesi, na hiyo ndiyo faida ya kweli, lakini ringi (duara za chuma zinazoziba kati ya pistoni na silinda) hubanana, na tundu la pini likiingia kwenye mfereji wa ringi ya oili ni lazima iwekwe ringi ya kuishikilia kwa chini. Fundi mwingine alipoifungua injini tulikuta matundu yameingia kwenye mifereji ya pistoni zote nne, na ringi hiyo haikuwekwa hata kwenye moja. Gereji inaniambia nivumilie hadi ringi zikae sawa!

Nataka wairekebishe kwa gharama zao na wanikabidhi kwa maandishi vipimo vya kabla na baada. Nanyi wajenzi mnaouza konrodi ndefu, wekeni hapa vipimo vya injini moja iliyobadilishwa konrodi na pistoni zake tu, kemshafti na mgandamizo vikibaki vilevile.