Daftari la marehemu baba: bamvua, Ndundu siku 9 na huyu "M.N." ni nani?

Binti wa Ngamiani aliuliza:

Wazee wangu, shikamooni. Marehemu baba yangu aliendesha malori kutoka Tanga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi alipostaafu mwaka 1998, akibeba katani, nazi, saruji na chochote kilichopatikana. Ameacha daftari la jalada gumu ambalo kila safari imeandikwa kwa mstari mmoja au miwili tu, na mimi na ndugu zangu tumeshindwa kulisoma ingawa mwandiko wenyewe ni mzuri.

Mistari mingi inafanana na huu: "Bweni. Bamvua. Lala." Siku chache mbele unakuta "Bweni. Maji mafu. Pita." Kwa nini dereva wa lori aandike habari za maji kama mvuvi? Pengine ameandika "L. usiku", na mistari ya namna hiyo inatoweka kabisa kuanzia mwaka 1977 mpaka mwishoni mwa 1983. Upo pia mstari wa Aprili 1989 unaosema "Ndundu siku 9", bila neno jingine.

La mwisho linanipa aibu kidogo kuliuliza. Karibu kila kituo, iwe Bweni, Segera au Ndundu, pembeni ameandika "M.N." na kiasi cha fedha. Mama yangu, ambaye sasa ana umri wa miaka 76, ameliona na hajafurahi.

Mzee wa Chumbageni alijibu:

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Nianze na Bweni, kwa kuwa njia hiyo niliipita mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Pantoni ya Pangani, inayovusha watu na magari kati ya mji wa Pangani na Bweni, huvuka karibu kabisa na mahali mto unapoingia baharini, kwa hiyo maji yake hayaongozwi na mvua pekee bali hujaa na kupwa pamoja na bahari, mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hupita mita tatu. Maji yakipwa namna hiyo, pantoni hukaa chini sana kuliko gati, na mlango wake huwa mteremko mkali. Gari dogo hushuka bila taabu, lakini lori lililosheheni nazi hutanguliza pua chini, mkia ukaning'inia, na ukikosea gia au breki zako zikiwa dhaifu unaweza kujikuta umepitiliza hadi upande wa pili wa pantoni. Dereva mwenye akili alizima injini na kungoja maji yajae. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, ukafika ukavuka saa yoyote. Kwa vile kujaa kwa maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, baba yako alihitaji kuandika ili ajue safari ijayo aondoke Mwera saa ngapi. Sisi wengine tuliwauliza wavuvi, yeye alikuwa na daftari. Hiyo ndiyo tofauti.

Wasomaji wasidhani kwamba hiyo ilikuwa njia ya kwenda Dar es Salaam. Mizigo ya Dar ilipitia Segera na Chalinze. Bweni walipita waliofuata katani na nazi za mashamba ya ng'ambo, kama Mwera na Sakura, na wachache waliothubutu kuendelea hadi Mkwaja na Saadani, ambako masika udongo mweusi ulishika magurudumu mpaka ukatamani ungezaliwa mvuvi.

Neno "Lala" maana yake ni kulala chini ya lori, juu ya turubai, baada ya kula. Na chakula cha Bweni kilikuwa kizuri kwa sababu hiyo hiyo ya kungoja: mpishi alijua una saa nne au tano mbele yako, hivyo hakukupa kiporo. Alikuna nazi ukimwona, akapika wali, akamtia changu kwenye tui, na wewe ukakaa kwenye benchi ukihesabu ngazi za gati ambazo maji yamekwisha kuzifunika. Sijapata kula wali wa namna ile katika hoteli yoyote yenye kitambaa mezani.

Utingo Mstaafu alijibu:

"L." ni Likoni, dada yangu, kivuko cha kuingia kisiwani Mombasa. Nilikuwa utingo wa lori la Tanga lililopita Horohoro na Lunga Lunga, na hapakuwa na namna ya kufika Mombasa kwa njia hiyo ila kwa pantoni, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1937. Pengo la daftari lisikusumbue: mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Baba yako hakuacha kwenda, ila njia yenyewe haikuwapo.

Aliandika "usiku" kwa kuwa mchana foleni ilijaa watu waendao kazini na magari madogo, na lori lenye mzigo lilisubiri. Tukifika saa tano usiku tulivuka mapema zaidi. Kazi yangu ilikuwa kushuka na kabari mbili za mbao, kuzisokomeza nyuma ya magurudumu mara lori linaposimama juu ya pantoni, na kutoziondoa hadi dereva apige honi. Baada ya ajali ya pantoni ya Mtongwe, jirani na Likoni, ya tarehe 29 Aprili 1994, ambapo watu 272 walikufa maji, dereva wangu hakukubali tena mtu yeyote abaki ndani ya kebini wakati wa kuvuka, hata mvua ikinyesha.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi: mahamri kwa mbaazi alfajiri, viazi karai jioni. Mzee wa Chumbageni anaisifu Bweni kupita kiasi.

Kibiti hadi Somanga alijibu:

Ndundu ndipo tulipovukia Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, daraja lenye urefu wa mita 970 hivi, ambalo leo unalipita kabla hujamaliza kumenya chungwa. Aprili ni kilele cha masika. Mto ulifurika, pantoni ikafungwa kamba, barabara ya pande zote mbili ikawa tope, na siku 9 si nyingi, kwa maana mimi nimewahi kukaa 13.

Tuliandika namba ya foleni kwa chaki kwenye bampa, na kila asubuhi mvua ilipozifuta tulizozana upya. Wapo waliopita mbele yetu kwa kitu kidogo, nami sitasema zaidi ya hapo. Kilichotuokoa ni kina mama wa vijiji vya jirani, waliokuja na masufuria kichwani wakapika pale pale, nyuma ya malori: ugali kwa kambale au perege wa mtoni. Fedha iliisha siku ya nne au ya tano, na baada ya hapo ulikula kwa jina lako. Mama aliyekupikia aliandika kwenye kumbukumbu zake, nawe uliandika kwenye zako, na ulilipa safari ya kurudi.

Sasa mwambie mama yako alale usingizi. M.N. si mwanamke mmoja, bali ni mama ntilie.

Mpita Segera alijibu:

Kaka amenitangulia kwenye hilo, nami naongeza jambo moja. Wengi hudhani dereva wa lori alikula kwenye zile hoteli kubwa za barabarani zinakosimama mabasi. Hapana. Hapo chakula kilipikwa kwa mtu mwenye robo saa. Sisi pale Segera, zinapoachana njia za Tanga, Moshi na Dar, tuliegesha mbali kidogo, kwenye vibanda vya makuti, tukala wali maharage kwenye sahani za bati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na mchele vilipoadimika, dereva ndiye aliyeileta akiba ya jikoni. Ulimkabidhi mama kilo mbili za mchele ulizotoka nazo mbali, akakupikia na kubakiza sehemu yake, na chai mliinywa kwa sukari guru. Mchele ulipokosekana tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, ule tuliouita unga wa Yanga, na watu wa Simba waliula vilevile. Ukikuta M.N. bila kiasi cha fedha katika miaka hiyo, ujue alilipa kwa mchele.

Binti wa Ngamiani alijibu:

Ahsanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote. Nilipofika kwenye mama ntilie alicheka hadi akafuta machozi, kisha akataka nimsomee mara ya pili.

Nimerudi kuliangalia daftari na kweli, miaka ya 1981 hadi 1984 M.N. wengi hawana fedha. Nimegundua pia kwamba kila deni lililolipwa limekatwa kwa mstari wa wino mwekundu. Yote yamekatwa isipokuwa moja, katika ukurasa wa mwisho: "Bweni. Maji mafu. Pita. M.N. 1,200." Mama anauliza ni nani aliyekuwa akipika karibu na gati la Bweni mwaka 1998, kwani anataka twende akalilipe.

Mzee wa Chumbageni alijibu:

Walikuwa watatu, mwanangu. Kwa kuwa aliandika "Pita", hakukaa kungoja maji, basi atakuwa alichukua chakula kwa yule wa kwanza kushoto unaposhuka pantoni, aliyefunga wali kwenye majani ya mgomba kwa wenye haraka. Mkifika ulizeni wavuvi wazee walio chini ya mwembe, wao watamjua yeye au watoto wake. Nendeni asubuhi, na bado mtamlipa mtu anayemkumbuka baba yenu.