Naomba ushauri: maua ya nyuki pembezoni mwa msitu wa kijiji

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Sisi ni kikundi cha kujitolea, tunatunza msitu wa hifadhi wa kijiji huku Kilolo, Iringa. Ni miombo. Miti mingi inachanua kuanzia Septemba hadi Novemba, kabla ya mvua, na hapo nyuki wanashiba kweli. Shida ni Julai na Agosti: maua yanaadimika, mizinga inabaki mitupu na makundi yanahama. Inauma kuona mzinga uliojaa mwezi Mei ukiwa na masega makavu na buibui tu.

Tumejaribu kupanda maua ya asili kandokando ya barabara ya kuzuia moto. Tulikusanya mbegu za marejea pori na mlenda pori, tukazirusha mvua zilipoanza. Zikaota vizuri, lakini kufika Februari nyasi zilikuwa zimefika kiunoni na miche imefunikwa yote. Kupalilia kwa jembe kuling'oa na miche yenyewe, maana ikiwa midogo huwezi kuitofautisha na magugu.

Baadhi ya wenzetu wanataka tupande alizeti pori kwa sababu haishindwi na nyasi. Mimi nasita: asili yake ni Mexico, na ikishika mahali haitoki. Sitaki iingie msituni.

Naomba kujua kwa waliowahi kufanya: ni bora tuoteshe miche kitaluni kwanza, au tufyeke nyasi, na kama ni kufyeka, mwezi gani? Pia, ni mmea gani wa asili wa nyanda za juu unaochanua kiangazi bila kuvamia?

Natanguliza shukrani.