Gemu mpya inakwama kila nikiingia mjini, shida ni mashine yangu ama ni walioitengeneza?

JaKondele (Kisumu)
Wakuu habari za jioni, mnivumilie juu nimechoka nayo kabisa. Kuna RPG mpya (gemu ya kuigiza mhusika na kumkuza) imetoka juzijuzi, jina sitaji sitaki vita na mashabiki wake, nimeingoja tangu trela ya kwanza na siku imetoka nikanunua, na bei yake si ya kuambia mtu nyumbani. Sasa huko porini iko sawa tu, unapigana, unapanda farasi, fremu (picha kwa sekunde) kama 45 hivi, silalamiki. Lakini ukishapita lango la ule mji mkubwa inaanza kukatakata, inashuka hadi 20, ukigeuza kamera picha inaganda halafu inaruka, muuza duka anaongea na mdomo umefungwa, na kuna mahali mhusika wangu alizama kwa sakafu hadi shingoni akabaki hapo anaangalia watu wakipita. Nimeshusha grafiki zote hadi chini kabisa, rezolushoni nimeshusha hadi sura za watu hazionekani, na bado mji ni uleule! Halafu stima ikapotea wakati ile alama ya kusevu inazunguka kwa kona, zikirudi naambiwa faili imeharibika. Level 18 yangu imeenda hivyo.

Mashine ni desktop ya ofisi ex-UK, prosesa i5-6500, RAM GB 16 kijiti kimoja, kadi ya grafiki ni GTX 1650 ya 4GB ile haitaki waya wa pawa, na gemu iko kwa hard disk ya kuzunguka, si SSD. Nibadilishe nini ama nitupe yote?

FundiLanet (Nakuru)
Usitupe kitu. Ile ya kushusha rezolushoni na fremu zisipande ndiyo inajibu swali lako, maana yake kadi haina neno, anayelemewa ni prosesa. Porini ni miti na mawe, hiyo ni kazi ya kadi. Mjini kuna watu, na kila mmoja wao lazima aamuliwe anaenda wapi, anagongana na nani, atafanya nini ukichomoa upanga, na hiyo yote inaenda kwa prosesa. i5-6500 ni ya 2015, kori nne, thredi nne, yaani kazi nne kwa wakati mmoja, basi. Lakini pia usikubali kuambiwa eti ni umaskini wa mashine tu. Gemu ya Dragon's Dogma 2 ilipotoka Machi 2024 mji wake ulikuwa unakwamisha hata watu wenye mashine za kutisha, na Capcom walioitengeneza wenyewe wakasema ni wale wahusika wanakula prosesa. Kwa hivyo mashine yako imezeeka na mji wao pia wameujenga ovyo, zote mbili.

Kuganda ukigeuza kamera ni kitu kingine, usivichanganye. Fanya hivi: pita barabara moja kutoka lango hadi sokoni, rudi, pita tena hiyohiyo bila kufunga gemu. Kama safari ya pili haigandi, hizo zilikuwa sheda, yaani programu ndogo za kuchora mwanga na rangi, zinatengenezwa papo hapo. Kwa fremu 60 kila picha inapewa milisekunde 16 na kitu, sheda moja ikichukua 100 lazima uione. Kama ya pili inaganda vilevile, shuku disk. Na ukiapdeti drayva ya kadi, sheda zitatengenezwa upya, usishtuke ikirudi kuganda siku hiyo.

Halafu kwa settings tafuta ile ya wingi wa watu mjini, shusha hiyo kwanza kabla ya vivuli. Na RAM weka vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, prosesa inapata njia mbili za kuchota data. Kwa mashine kama yako hiyo inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

NyarMilimani (Kisumu)
Omera pole sana, hiyo ya sevu ndiyo ingenitoa machozi. Usiifungue gemu kwanza!! Zima intaneti, halafu tafuta folda ya sevu, nyingi ziko ndani ya AppData ama Saved Games. Angalia saizi, faili ikiwa 0 KB hiyo haina kitu, lakini kando yake mara nyingi kuna otosevu ya nyuma ama nakala yenye .bak. Nakili folda yote weka kwa desktop kabla hujagusa chochote. Kama umenunua kwa Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, na gemu inatumia Cloud (hifadhi yao ya mtandaoni), ingia kwa akaunti yako kupitia brauza, hata kwa simu, kuna ukurasa unaonyesha faili zako zilizoko kwa Cloud na unaweza kuzipakua. Ukiiacha Steam ijipange yenyewe inaweza kupandisha ile mbovu juu ya ile nzima.

MwanaWaLurambi (Kakamega)
Mimi nauliza tu, mnanunua gemu siku ya kwanza kwa nini? Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020, wiki moja tu Sony wakaiondoa kwa duka la PlayStation, ikarudi Juni 2021, na watu wengi walikuja kuisifu vizuri ile apdeti ya 2.0 ilipotoka Septemba 2023. Miaka mitatu! Wewe ungekuwa umeinunua kwa ofa na inakimbia. Na pesa yako Steam hawarudishi tena, wanataka uwe umecheza chini ya saa 2 na siku 14 hazijapita, na ile skrini ya kutayarisha sheda ukiangalia ukuta saa inahesabu. Huo ni wizi wa kistaarabu.

NyarMilimani (Kisumu)
@MwanaWaLurambi rahisi kusema, lakini ukingoja miaka mitatu YouTube imeshakuonyesha nani anakufa mwishoni. Na tukingoja sote nani atawaambia mabagi (hitilafu) yako wapi? Baldur's Gate 3 watu waliilipia tangu Oktoba 2020 ikiwa nusu, ikatoka kamili Agosti 2023, na bado sehemu ya tatu kule mjini ilikuwa inaburuta mpaka wakaipachi.

MwanaWaLurambi (Kakamega)
Basi walipwe hao wapimaji, si walipe wao.

JaKondele (Kisumu)
Wakuu ahsanteni. Faili ilikuwa 0 KB kweli lakini kwa Cloud nimepata ya level 15, si haba. Nimepita ile barabara kama @FundiLanet alivyosema, ya pili haigandi karibu kabisa ila fremu bado ni 20, nikishusha watu zinafika 28. Sasa kuna jamaa huku Kisumu ana prosesa ya i7-6700 kuukuu, itaingia kwa bodi yangu?

FundiLanet (Nakuru)
Itaingia, soketi ni ileile, kori ni nne lakini thredi nane. Hakikisha tu BIOS (programu ya kuwashia mashine) ya hiyo desktop inaitambua na feni iko sawa, joto la Kisumu na vumbi zitaifanya ipunguze spidi yenyewe. Ila usilipe bado. Ngoja pachi yao ya kwanza kubwa, upime barabara hiyohiyo. Na hela ukipata kabla ya hapo, nunua UPS ndogo, ile betri ya kushikilia mashine stima ikipotea.