Kadi ya grafiki ya nje kwenye laptopu, inawezekana?

Korosho_Masasi: Wadau habari za jioni, nina ThinkPad T480 yuzd niliyochukua baada ya kuuza korosho, naedit video za harusi sasa ikifika kurenda (kutoa video iliyokamilika) inanguruma kama mashine ya kusaga, kadi ya nje itakubali kweli?

Mwana_Mikindani: Inakubali mkuu. Cheki ubavu wa kushoto, kuna matundu mawili ya USB-C, chomeka kwenye lile lenye kialama cha radi, ndo Thunderbolt 3, yaani tundu la kuunganisha vifaa vya nje kwa spidi kubwa, hadi 40 Gbps (gigabiti 40 kwa sekunde), jingine hata ulilie halitasoma kadi. Utahitaji boksi lake, kadi inakaa humo na pawasaplai yake.

Korosho_Masasi: Asante kaka, na skrini natumia hii hii?

Fundi_Lindi: Unaweza, ila picha inarudi kwa waya uleule spidi inapungua, bora monita uchomeke kwenye kadi yenyewe. Afu usisahau stabilaiza, mi umeme ulikatika kurudi tu pawasaplai ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, nikabaki na boksi la kuwekea bisibisi 😂

Korosho_Masasi: Duh! Kialama nimekiona, kimejaa vumbi. Naanza na stabilaiza basi.